Glavu Zisizochakaa za Firmin

Yule mwanamke wa maktaba, Griet, amekuja mara tatu na daftari lake jipya. Anataka niandike maisha yangu. Mara ya kwanza nilimwambia nina viazi motoni. Mara ya pili nikamwambia macho yanauma. Mara ya tatu hakuuliza, aliliacha daftari juu ya kiti akaenda zake, kama mtu anayemwachia paka maziwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tano, vita vikaja, Wajerumani wakafunga farasi wao darasani, na walipoondoka nilikuwa nimeshazoea kufanya kazi. Kwa hiyo anayetafuta makosa humu atayapata, ajihudumie. Maisha yangu yote siandiki. Naandika habari ya jozi moja ya glavu, kwa sababu watu wanaisimulia vibaya pale dukani kwa mwoka mikate, na Elvire jirani yangu ndiye kinara wao.

Naitwa Zulma. Hapa kijijini mimi ni Zulma wa Odiel, ingawa Odiel yuko makaburini tangu majira ya baridi ya mwaka themanini na tatu. Tulishona glavu za waendesha baiskeli. Si hizi za sifongo na plastiki. Zetu zilikuwa na kiganja cha ngozi ya mbuzi, mgongo wa kroshia ili mkono upumue, vidole nusu, kifungo kimoja kwenye kifundo. Odiel alipima na kukata. Mimi nilifuma migongo na kuunganisha, na mshono wa kuunganisha ndio unaoamua kama mtu ataishi na glavu mwezi au miaka. Tulitumia uzi wa kitani uliopakwa nta, kitani kilicholowekwa kwenye mto wetu huu huu. Uzi wa pamba ni mzuri kwa kroshia, lakini kwenye mshono jasho linauozesha.

Kupima kwetu hakukuwa kama kwa madukani. Dukani unatandaza mkono mezani, wanakuambia namba. Odiel alimpa mtu mpini wa fagio aliouviringishia kitambaa mpaka ukawa mnene kama usukani, anamwambia shika, shika kama unapanda mlima na mvua inakupiga usoni. Ndipo anazungusha karatasi kwenye ile ngumi na kutia alama za penseli. Alikuwa akisema mkono wazi ni mkono wa kuomba, sisi tunapima mkono ulioshika. Ngozi iliyopimwa kwenye mkono wazi hujikunja kiganjani ukishika usukani, na mikunjo hiyo ndiyo inayokula nyama.

Kila Februari, kabla ya mashindano kuanza, jiko langu lilijaa wanaume. Wanane, tisa, soksi zao zinafuka mvuke karibu na jiko la makaa, wanatukanana kwa mapenzi kuhusu nani alianguka wapi. Mimi nilikaa dirishani na sindano yangu ya kroshia. Nilidhani wananichosha.

Odiel akafa. Maduka ya mjini yakaleta glavu za rangi saba. Watoto hatukupata. Mwaka wa kwanza wawili walikuja kutoa pole, wa pili hakuja mtu. Saa ya ukutani, ambayo kwa miaka thelathini sikuwahi kuisikia, nikawa naisikia mpaka nikiwa chooni. Mtu atauliza, mbona hukuwaalika watu? Huyo hatoki kwetu. Kwetu mtu haendi nyumbani kwa mtu bila sababu, wala humwambii mtu njoo uninywee kahawa, atadhani unaumwa. Lazima aje na kitu mkononi, kilichovunjika au kilichoiva.

Basi Machi ya mwaka themanini na sita, Alhamisi mchana, nikasikia mlango wa nyuma. Alikuwa Firmin, anayechoma matofali kule kiwandani, mtu wa miaka hamsini na saba, hajaoa, anakaa na kaka yake.

"Zulma wa Odiel, upo?"

"Nisingekuwepo ungejibiwa na nani?"

Akaingia ameinama, maana ni mrefu. Akatoa kwenye mfuko wa mikate jozi nne za glavu akazipanga mezani kama samaki.

"Hizi ni nini?" nikamuuliza.

"Glavu."

"Hizi ni vitambaa vya kusugulia sufuria. Umezitoa wapi?"

"Mjini. Jozi nne kwa miaka miwili. Hii imepasuka hapa. Hii sifongo lake limehamia kwenye gumba. Hii hapa..."

"Naona. Sijapofuka."

"Za Odiel zilinifikisha miaka kumi na moja."

"Kumi na mitatu. Ulizichukua mwaka ule padri alipoingia na baiskeli kwenye mfereji."

Akacheka, halafu akaacha. Akaniambia vidole vyake viwili vya mwisho, mikono yote miwili, vinakufa ganzi akipita barabara za mawe, na sasa vinakufa hata kiwandani. Daktari amemwambia aache baiskeli.

"Uache, basi," nikamwambia.

"Nikiacha nitakaa na kaka yangu na njiwa wake mia moja. Wewe umeshawahi kuongea na mtu wa njiwa?"

"Mimi sishoni tena."

"Najua. Nimekuja kuuliza tu."

"Umeshauliza."

Akaanza kuzirudisha mfukoni, moja moja, bila haraka. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afanye nini mgeni akianza kufungasha.

"Kaoshe mikono," nikamwambia. "Fagio liko nyuma ya mlango."

Kupima sikuwahi kupima mimi. Nilikuwa nimemtazama Odiel tu, miaka yote hiyo, nikiwa dirishani. Firmin akashika mpini, nikazungusha karatasi kwenye ngumi yake. Mkono wa mtu sikuwa nimeushika tangu siku ya mazishi, watu walipopanga foleni kunipa pole. Wake ulikuwa na joto, mgumu kama matofali yake, na vile vidole viwili vya mwisho vilikuwa baridi. Nikavishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye alidhani napima.

"Njoo Alhamisi ijayo," nikamwambia.

Jozi moja ya glavu ni kazi ya safari mbili. Unakuja kupimwa, unakuja kuchukua. Mimi nilimleta mara sita. Alhamisi ya pili nilimwambia ngozi lazima ilale. Ya tatu nikasema uzi wa kroshia si rangi yake. Ya nne nikasema hewa ina unyevu, nao ulikuwepo kweli, hapa kwetu unyevu haukosi. Kila mara alikaa kiti cha karibu na jiko, akachovya biskuti kwenye kahawa mpaka ikakatika, akaitafuta kwa kijiko. Alinisimulia habari za njiwa, tanuri, na mwenzake wa klabu ya baiskeli anayejifanya mnyonge mpaka mlimani kisha anawaacha wote. Nilikuwa nafua pazia Jumatano. Naandika hilo kwa sababu nimeambiwa niandike kweli.

Elvire aliona. Akanidaka uani nikianika.

"Zulma wa Odiel, baiskeli gani hiyo inaegemea ukuta wako kila Alhamisi?"

"Ya padri. Nakaribia kufa."

"Padri wetu hana miguu mirefu hivyo."

"Basi ni ya shetani. Amekuja kuulizia habari zako."

Lakini sababu zilikuwa zinaniishia. Ngozi ilikuwa imeshakatwa, na kifuniko cha sanduku la cherehani kilikuwa na migongo miwili ya kroshia, imenyooka, inanitazama. Nikiunganisha glavu vizuri, nitamwona mara moja tu. Glavu za nyumba yetu zinakaa miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na minane. Piga hesabu mwenyewe.

Ndipo nikafanya jambo ambalo Elvire halijui, na akilisoma hapa litamkaa kooni. Niliacha kitani kwenye droo. Nikachukua uzi wa pamba, ule ule wa kroshia, nikaunganisha nao glavu ya kulia. Mshono ulipendeza, hata fundi asingejua bila kuukata. Ungekaa mpaka Agosti. Agosti angerudi, tungeanza tena, karatasi, mpini, ngozi ilale. Sikujiona mwizi. Nilijiambia duka zima la mjini linafanya hivyo.

Alhamisi ya tano alikuja na plasta kwenye kucha.

"Umeanguka?"

"Nilikaribia. Juzi kwenye kona ya ghala la kitani mtu amepasua chupa. Nikapita juu yake. Basi nikafuta tairi."

Ambaye hajaendesha hajui: ukipita kwenye vioo husimami. Unateremsha kiganja juu ya tairi likizunguka, ngozi ya glavu inafuta vipande kabla havijazama. Wote wanafanya hivyo, bila kutazama, kama mtu anavyofuta makombo mezani.

"Glavu ya mjini ilikuwa imefumuka hapa," akasema, akanionyesha penye mshono. "Uzi ukanasa. Ukavuta mkono kuelekea kwenye uma wa gurudumu la mbele. Nikauchomoa. Kucha ikabaki huko."

"Wa kulia?"

"Wa kulia. Nafuta kwa wa kulia daima." Akachovya biskuti. "Haidhuru. Zangu zinakuja, si ndiyo? Nimewaambia klabu. Nimewaambia mke wa Odiel hashoni kitu cha kufumuka."

Glavu ya kulia ilikuwa juu ya sanduku la cherehani, hatua mbili kutoka kwenye goti lake. Akainyooshea mkono ajaribu. Nikaiwahi, nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Bado," nikasema.

"Wewe mama, hizo glavu unazifumia mfalme?"

"Mfalme asingenimalizia biskuti. Njoo Alhamisi."

Asubuhi yake, Ijumaa, niliketi dirishani nikafumua. Mshono wa pamba unafumuka upesi, na hilo lilinikasirisha zaidi. Usije ukasema nilimwogopa marehemu, Odiel simwogopi, hata akiwa hai sikumwogopa. Wala sikuwa mtakatifu. Nilifumua taratibu, na kila tundu nililotoa uzi nilijua nimetoa nini. Kisha nikapaka kitani nta, nikatoboa ngozi kwa msharasi, nikashona upya kwa sindano mbili zinazopishana, na pale anapofutia tairi nikashona mara mbili, nikaongeza kipande cha ngozi ndani. Glavu ngumu kufumuka kuliko hiyo haijatoka kwenye nyumba hii. Vidole vyangu vilivuja damu kidogo. Nikashona na ya kushoto vivyo hivyo, isije ikaonewa.

Alhamisi ya sita alizivaa. Akashika mpini wa fagio, akaufinya, akaufungua, akaufinya. Ngozi haikujikunja popote. Nilizunguka mkono wake kutafuta kasoro, nilitamani nipate moja ya kweli, ya kumrudisha kwa haki. Sikuipata.

"Hizi zitanizika, Zulma," akasema.

"Ndiyo kazi yake."

"Sitakusumbua tena, basi."

Aliisema kwa wema. Alidhani ananipa zawadi. Mdomo wangu ulikuwa na maneno, yalikuwa matatu au manne tu, mtoto mdogo angeyasema. Nikamwambia asizianike karibu na moto.

Aliweka pesa juu ya meza, akainama mlangoni, akaenda. Kikombe chake nilikiosha siku hiyo hiyo. Nilijijua, ningekiacha siku moja nisingekiosha tena.

Miaka minane imepita. Vidole vyake vimepona, nasikia, na klabu inamwita Ngumi. Kila Jumapili saa mbili asubuhi wanapita barabara yangu, kumi na watano, na yeye anainua mkono wa kulia dirishani kwangu. Siangalii uso, naangalia mshono. Haujalegea hata tundu moja.

Mara moja, vuli ya mwaka wa tatu, alisimama. Nilimwona akishuka pale kwenye geti, ameachana na wenzake. Nikaweka maji ya kahawa. Nikatoa biskuti, nikazipanga kwenye sahani, nikairudisha moja zisionekane nyingi. Nilipotazama tena alikuwa ameinama kwenye mnyororo, anaurudisha kwenye meno. Akafuta vidole kwenye nyasi, akavaa glavu zangu, akapanda. Nilikunywa ile kahawa peke yangu, nikiwa nimesimama, mpaka chini.

Griet alipokuja kuona nimefika wapi, alisoma mpaka hapo akaniuliza, "Ungeweza kuutumia ule uzi wa pamba upande wa kushoto, ambako hafutii tairi. Hukuliwaza hilo?"

Niliwaza. Niliwaza Jumatatu yake, glavu zikiwa zimeshaondoka. Lakini mtu aliyevaa kulia kitani na kushoto pamba amevalishwa uongo nusu, na mimi kazi ya nusu sifanyi. Nimemwambia hivyo. Akaandika kwenye karatasi yake, akatikisa kichwa kama watu wa maktaba wanavyotikisa.

Wasimulizi wa dukani wanasema Zulma alimtaka Firmin. Upuuzi. Nilitaka mlango ugongwe. Kama angekuja Elvire na glavu iliyopasuka ningempima hata yeye, na Elvire ana mikono kama ya chura.

Sasa nimeandika, nimemaliza kurasa kumi na moja za daftari la watu, na mkono unauma. Wewe uliyesoma bure umekaa hapo. Inuka. Fungua kabati lako, au la baba yako, au la mumeo kama anaendesha, utoe chochote cha ngozi kilichofumuka: glavu, mkoba, mkanda, hata mpira wa mtoto. Usinitumie kwa posta, na usinipigie simu, sina. Kilete mwenyewe, siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Usije mlango wa mbele, huo ni wa majeneza. Na usiniambie una haraka, kwa sababu nitakuambia ngozi lazima ilale, na safari hii utakuwa unajua kwa nini, na utakaa.