Mbabula Isiyotoa Moshi

Watu wa jambo hili nawakumbuka wote: yaya Masika, dada yangu mkubwa, aliyekuwa amejifungua siku nne tu, Paluku, mtoto wake, mama Katungu, mama mkwe wa Masika, Kasereka, muuguzi wa kituo cha afya, na mimi, niliyetumwa kutoka Butembo hadi Luofu kumpikia mzazi. Nilikuwa msichana bado, mwanangu, na nilijiona najua kila kitu.

Mchana ule mvua ilinyesha, na baridi ya kwetu unaijua. Desturi ni kumpasha mzazi joto. Nikajaza makala, yaani makaa, ndani ya mbabula, lile jiko letu la bati, yakawa mekundu kabisa, nikaiweka karibu na kitanda. Nikaziba dirisha kwa kitenge, nikafunga mlango. Moshi haukuwepo hata kidogo. Nikaenda jikoni kumenya ndizi, nikifurahi.

Niliporudi, Masika alisema kichwa kinamgonga, miguu haina nguvu.

“Yaya, ni uvivu ya muzazi hiyo!” nikamtania.

Hakucheka. Nikamshika Paluku: amelegea kama nguo iliyolowa. Nikamfinya, hakulia.

Ndipo mama Katungu akaingia kutoka shambani. Joto lile lilimpiga usoni.

“Fungua! Fungua yote! Unataka kuniulia batu?”

Akamnyakua mtoto, mimi nikamkokota Masika hadi barazani. Tukasubiri kilio cha mtoto, mwanangu. Sijawahi kusubiri kitu namna ile. Kikaja, kidogo, kama cha paka. Tukawabeba wote wawili hadi kituo.

Walipopata nafuu, nikamlalamikia Kasereka, niliyemwita tata, yaani baba, kwa heshima: “Lakini tata, moshi hakukuwa!”

Hakunigombeza. Kesho yake alinunua pafu la mbuzi kwa mchinjaji, akaingiza kwenye koo lake kikonyo cha jani la boga, kile chenye tundu ndani, akapuliza. Likavimba! Akalikata, akaniambia nibonyeze. Povu likatoka.

“Ni vifuko vidogo vidogo, mingi sana,” akasema. “Ngozi yake ni nyembamba kupita ya kitunguu. Ndani iko hewa, inje iko damu. Hewa ya muzuri inavuka kuingia mu damu. Ile ya kuchoka inavuka kurudi, unaipumua inje.”

“Nani anaivukisha?”

“Hakuna mutu. Inavuka yenyewe, ata ukilala.”

“Na makala?”

“Makala mu nyumba ya kufungwa inatoa hewa ingine. Hapana rangi, hapana harufu. Nayo inavuka, inakamata nafasi mu damu, na ile ya muzuri inakosa pa kukaa.”

Mama Katungu alitaka tulipike lile pafu. Nikamwomba angoje, nilikuwa bado nalibonyeza. Kumbe kifuani mwangu kulikuwa na kazi kubwa hivi, na sikuwahi kutumwa kuifanya wala kulipwa!

Basi, mwanangu, mpashe mzazi joto, ndiyo. Lakini mbabula iwakie nje na ikae nje. Mfunike kwa blanketi, mpe uji wa moto. Ukisikia kichwa kinauma penye makala, toka kwanza, watoe na wengine, kisha mkimbilie kituo. Na usimcheke anayesema miguu imeisha nguvu.

Paluku sasa ana wajukuu huko Beni. Mungu awape ninyi pia pumzi nyingi, na nyumba yenye dirisha.

Pengine Masika alikuwa na siku tano, si nne. Pengine muuguzi aliitwa Kambale. Ninyi wa Luofu mnaokumbuka, mnisahihishe. Ila kwa kile kitenge dirishani, hapo sikosei. Nilikiweka mwenyewe, kwa mikono hii.