Kipande cha Nundu

Tusekile hajui kukaa. Ni miaka sita sasa tangu aje Nkunga kuwa daktari wetu wa mifugo, na sijamwona akimaliza kikombe cha chai. Anapiga mafunda mawili amesimama, buti miguuni, kisha huyo, kaondoka. Niliwahi kumwita mwenye kiherehere. Naujutia mdomo wangu.

Siku ninayoisema aliitiwa mbwa. Jeki, mbwa mzee mnene wa jirani yangu Veronika, alikuwa anatapika tangu alfajiri. Jana yake tulikuwa tumemzika mume wa Veronika, na waombolezaji uani walishaamua kwamba Jeki kalishwa sumu, na aliyemlisha ni mimi, Andongwisye. Nani mwingine? Mwezi uliopita alinilia kuku wanne, nikaapa mbele za watu kwamba nitammaliza. Mdomo huu huu.

Kwetu kila nyumba ina ng'ombe wa maziwa, na tunaamini maziwa yanakata sumu. Jeki alishanyweshwa mara mbili, maziwa mazito ya asubuhi, na kila mara alizidi kulia. Mimi nilikuwa nazunguka kwenye migomba yangu, nakaa, nasimama, roho juu juu. Maana kweli nilikuwa nimempa kitu. Msibani nilimkuta amelala mlangoni kwa marehemu, hali wala hanywi. Nikamwonea huruma, nikamrushia kipande cha nundu ya ng'ombe, mafuta matupu. Sasa nani angeniamini?

Niliposikia pikipiki ya Tusekile nikashindwa kujizuia, nikaingia uani.

Alimkagua upesi upesi. Dalili za sumu hakuziona: Jeki hakutoa povu wala kutetemeka, fizi hazikuvuja damu. Hakuharisha damu, na chanjo ya ugonjwa huo Tusekile alishamchoma mwenyewe. Tumbo halikujaa hewa, ila alipoligusa, mbwa alilia. Halafu Jeki akashusha kifua hadi chini, matako juu, akabaki hivyo. Tusekile alimtazama, akauliza jana alikula nini. Veronika alikuwa tayari na kikombe cha tatu cha maziwa.

"Mama, ngoja," nikasema. "Nilimpa nundu. Mafuta tu. Sumu sikumpa."

Tusekile akakitwaa kile kikombe. Alisema mkao ule ni wa mbwa anayeumwa tumbo, na huenda ni kongosho, kiungo cha tumboni kinachosaidia kusaga mafuta. Likivimba ghafla linaanza kujiunguza lenyewe, na maziwa yale yanazidisha balaa. Kuapa hakuweza, kipimo chake huku hakuna. Akatundika dripu kwenye mgomba, akamchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kuzuia kutapika. Kisha akanigeukia.

"Baba, ungesema asubuhi, asingenyweshwa."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Heri wangeendelea kuniita mtia sumu.

Siku tatu Tusekile alikuja asubuhi na jioni, na siku tatu Veronika hakunisemesha. Ya nne, mbele ya ndugu wote wa marehemu, alinifuata hadi mlangoni kwangu na bakuli la uji mwepesi wa mchele, usio na tone la mafuta.

"Mlishe wewe," akasema. "Watu waone."

Nikaenda. Nilipiga magoti uani kwake, nikaweka bakuli chini. Jeki alininusa vidole kwanza, kisha akala.