Mpaka wa Mgomba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiuza kwa bei yoyote. Ilikuwa asubuhi, tumesimama kando ya barabara Lemara, mimi na rafiki yangu Elibariki, kila mmoja na barua yake ya kukubaliwa chuo cha mambo ya ardhi. Miaka miwili, cheti mkononi. Yeye alikuwa na begi. Mimi nilikuwa na sababu.

"Twende, bwana," akasema. "Tutakaa chumba kimoja."

"Nikasomee nini? Dalali ana miguu ya kupimia na mdomo wa kuuzia. Vyote ninavyo, na nimevihesabu mara mbili."

Akacheka, akapanda gari. Mkataa pema, pabaya panamwita. Mimi paliniita kabla vumbi la gari lile halijatulia.

Bibi yake Elibariki, Bibi Elieshi wa Nkoaranga, alikuwa mjane, na alitaka kuuza kipande cha chini cha shamba lake. Elibariki mwenyewe ndiye aliyemwambia anitafute. Aliniamini, unaona. Nikapanda ule mteremko mpaka pumzi ikaniishia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa mjini? Kaa upumue kwanza, ardhi haikimbii."

Akanionyesha mpaka: mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kule mlimani ndiyo sheria. Juu kidogo ya masale, katikati ya mibuni, palikuwa na kaburi la mume wake, na ubavuni mwa kaburi nafasi iliyofagiliwa safi.

"Hapa ni pangu," akasema, kama mtu anayeonyesha kiti chake kanisani. "Uza cha chini chote. Hapa usipaguse."

Masale yale yalikuwa yamepindapinda, nikaona yatanisumbua kuyaandika. Nikapima kwa hatua, nikahesabu mara mbili, nikaandika kwenye karatasi ya daftari: kuanzia mferejini hadi kwenye mgomba mkubwa kuliko yote. Siku ile mgomba huo ulikuwa umesimama pale pale penye masale. Bibi hakujua kusoma, akaweka dole gumba. Mashahidi wakasaini, tukala ndizi, nikashuka mjini napiga mluzi.

Sasa mimi, mwanangu, ni mtoto wa mjini. Ndizi nazijua zikiwa sokoni, zimelala. Sikujua kuwa mgomba ukishazaa hukatwa, mtoto wake akachipua kando, na wa mtoto kando zaidi. Mgomba hutembea. Mnunuzi, mzee mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka lake mjini, alikuja kujenga baada ya miaka miwili, Bibi akiwa amekwenda kukaa kwa binti yake Usa River. Fundi akasoma karatasi, akatafuta mgomba mkubwa kuliko yote, akaupata. Sasa ulikuwa upande wa juu wa kaburi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Huu wangu ulijengwa kweli, wa tofali za inchi sita, na kaburi, pamoja na ile nafasi iliyofagiliwa, vikabaki ndani, kwa mnunuzi.

Nikamfuata dukani kwake. Hakuwa mtu mbaya, hata soda alinipa.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Haya, nionyeshe nilipokosea kuusoma."

Nikambembeleza kama ninavyobembeleza bei, na kubembeleza ndiyo kazi yangu. Mwisho akakubali kumwekea Bibi mlango mdogo ukutani, awe anaingia kufagia. "Lakini kaburi la pili kwenye kiwanja changu, hapana."

Elibariki aliporudi na cheti chake, aliisoma karatasi yangu mara mbili, kama nilivyozoea mimi. "Wiki ya kwanza tu darasani tulifundishwa," akasema. "Mpaka hauwekwi kwenye kitu kinachoota." Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

Aliyenikemea ni Bibi, siku alipokuja kufagia, amesimama kwenye ule mlango mdogo wa ukutani na ufagio wake. "Mjukuu wangu, hatua ulihesabu vizuri sana. Lakini siku ile mimi si nilikuwa hapa hapa? Ungeniuliza tu mgomba ni kitu gani."

Nilikwenda chuo mwaka uliofuata, mkubwa kuliko darasa zima. Nilitaka nirudi na cheti, nimtetee kwenye baraza la ardhi. Bibi hakunisubiri. Walimzika upande wa juu wa ukuta, jirani kabisa na mume wake. Kati yao kuna upana wa tofali moja.

Elibariki alihamia mbali. Namba yake ya simu naijua kwa kichwa, siipigi. Ila nikipita pale barabarani Lemara asubuhi, nakiona moyoni kile chumba cha chuoni tulichokuwa tukae wawili, chumba ambacho sijawahi kukiingia.

Kwa hiyo, mwanangu, uliponiuliza juzi kama dalali anahitaji shule, wakati simu ipo na mdomo upo, ndiyo maana chai ilinipoa mkononi. Nenda kasome. Ujue hati ni nini, na jiwe la mpaka huwekwa na nani. Upimaji na uthamini vina watu wao waliosajiliwa, usivae koti lao. Kisha sajili jina la biashara yako, chukua namba ya mlipakodi, kata leseni halmashauri, uitundike mteja aione kabla hajakaa. Yangu naitazama kila asubuhi, na kila asubuhi naikuta imechelewa. Na ukishakuwa na makaratasi yote hayo, bado panda mlima ukamuulize mwenye ardhi, na jirani yake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuhesabu mara mbili kitu usichokijua.

Mungu akupe pumzi ya kupanda na subira ya kusoma. Mipaka utakayoiandika ikae pale ulipoiacha. Na kila atakayekukabidhi ardhi yake, siku yake ikifika, alale karibu na wa kwake.