Maharagwe Katikati ya Pareto

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, Mzungu mwenye shamba la pareto pale kwetu Masisi alipakia vitanda vyake kwenye lori, akamwambia baba aendelee na kazi, akaondoka. Hakusema atarudi lini. Baba ndiye aliyetunza moto wa kukaushia maua ya pareto, na moto ule ulikatazwa kuzimika.

Basi akaendelea. Tulichuma, akakausha, magunia yakajaa mpaka darini, lakini lori la kuyachukua halikuja. Duka lililotupa posho ya unga na chumvi lilifungwa, ufunguo ukaondoka na Mzungu. Wakubwa walisema uhuru ukija kila mtu atakuwa bwana. Siasa sikuijua, ila sufuria ya mama niliijua, na kila jioni ugali ulikuwa mdogo zaidi. Niliogopa sana.

Kilima kile cha shamba babu alikilima kabla Mzungu hajaja. Sasa kilikuwa pareto mpaka mlangoni, na aliyepanda kitu kingine alifukuzwa. Jirani mmoja alifukuzwa pamoja na watoto wake kwa ajili ya viazi tu. Sisi tukifukuzwa, hatukuwa na pa kwenda.

Mvua za Septemba zilipoanza, majirani walianza kupika maharagwe ya mbegu, yale yanayotunzwa juu ya moshi wa jiko. Kwetu, anayekula mbegu amekata tamaa. Kikapu chetu kilikuwa bado kinaning'inia, nami nilikitazama kwa uchu na hofu.

Asubuhi moja mama alikishusha, akachukua jembe, akaanza kung'oa pareto mbele ya nyumba, mchana kweupe. Baba alikuja mbio kutoka kwenye moto wake, nikadhani atampiga. Kumbe yeye aliogopa kuliko mimi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama watoto," alisema, "Muzungu akirudia, tutasema nini?"

"Utasema ni mimi njo niling'oa," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Njaa haimungoji Muzungu."

Baba alitazama barabara kwa muda mrefu. Kisha akainama, akang'oa shina moja, akalilaza chini polepole kana kwamba litapandwa tena. La pili alilitupa. Mimi nilifuata nyuma nikidondosha mbegu, roho mkononi, masikio yote barabarani. Siku ile moto wa kukaushia ulizimika, na hakuna aliyekwenda kuuwasha.

Maharagwe yalizaa vizuri, maana udongo ule hauna uchoyo. Siku tulipopika ya kwanza, mama alijaza sahani zote, tukakaa chini tukala mpaka matumbo yakauma. Baba hakukaa. Alikula amesimama mlangoni, uso barabarani, na kila baada ya tonge aliacha kutafuna ili asikilize.