Rehema Ameshika Kisu

Jamani, nichekeni tu, maana mtaa mzima wa Isevya ulishanicheka na mimi mwenyewe nimeshazoea. Siku ile nilimfanya mke wangu aonekane mwendawazimu mbele ya watu waliokusanyika kwenye shughuli, kisa niliona haya kusema kwamba natazama tamthilia.

Mimi ni fundi baiskeli, na pale kijiweni hakuna aliyekuwa akisema kwa sauti kunishinda kwamba mwanaume anayekaa mbele ya tamthilia ameishiwa kazi. Lakini kuna hii moja (jina lake msiniulize) ya dada mpole, mshonaji, mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya awe na nafsi tatu ndani ya mwili mmoja: mara ni yeye mwenyewe, mara ni mtoto mdogo anayelilia uji, mara ni mwanamke mkali asiyemjua hata mumewe, na akirudi kwenye nafsi yake hakumbuki chochote. Sasa dada huyo anaitwa Rehema, kama mke wangu. Nilianza kutazama kwa ajili ya jina, nikanasa.

Jumapili hiyo Rehema wangu alikwenda nyumba ya tatu kusaidia mapishi ya maulidi, mama yangu (tunaishi naye, na yeye na Rehema hawaachani) alikuwa uani anamenya karanga, na mimi niko sebuleni na marudio ya tamthilia yangu. Ilipofika patamu, simu ikaita. Alikuwa Dada Mwaju, dada yangu mkubwa anayekaa Igalula, umeme wao umekatika.

"Issa, ikawaje? Niambie haraka!"

Ndani mtandao unakatakata, nikatoka barazani, na kwa kuwa dada hasikii vizuri nikapaza sauti: "Rehema amegeuka tena! Huyu siyo Rehema tunayemjua, dada! Ameshika kisu, anamtafuta mama mkwe!"

Nakata simu, nageuka, huyu hapa jirani yetu Bi Tatu, amesimama na sinia la mchele wa shughuli, mdomo wazi.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Issa, Rehema kafanya nini?"

Pale lilitakiwa neno moja tu, tamthilia, nalo likagoma kutoka, maana mtoto wa Bi Tatu ni mwenzangu wa kijiweni na nilijua jioni hiyo hiyo wangenipa jina. Nikasema, "Mambo ya ndani tu, Bi Tatu, yatakwisha." Kisha nikarudi kumalizia kipande changu (ndiyo, nilirudi, sikatai).

Ya huko nilikuja kusimuliwa. Bi Tatu alifika akamkuta Rehema wangu juu ya kigoda, macho mekundu, machozi yanamtiririka, mkononi kisu. Anakata vitunguu! Sinia likamponyoka, akawaambia wenzake aliyoyasikia kwangu. "Rehema mwanangu, weka kisu chini, taratibu." Rehema akadhani utani, akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kabisa, maana wanawake wakasema, mnasikia, siyo yeye huyo anayecheka. Mmoja akakimbilia uani kwetu kumwonya mama, mama akaingia stoo na karanga zake akajifungia. Wenzake wakamwongoza Rehema kuja kwetu, na shehe wa maulidi naye akainuka mkekani akawafuata.

Mimi nasikia vishindo tu, mlango unafunguka. Rehema yuko katikati, wanawake wawili wamemshika mikono, shehe nyuma anasoma dua.

"Baba Shani," akaniambia kwa sauti ndogo, wala hakuwa anacheka tena, "umewaambia watu nini juu yangu?"

Na kule stoo mama akalia kwa Kinyamwezi, "Mayo wane, mama yangu! Rehema, nimekukosea nini mimi?"

Mke wangu aliposikia hivyo akalia kweli, siyo kwa vitunguu. Nikafungua mdomo nieleze, lakini runinga ikaniwahi kwa sauti ya juu: "Rehema! Weka hicho kisu, huyo ni mama yangu!"

Wote wakageuka kuitazama.

"Ni tamthilia," nikasema. "Nilikuwa namsimulia Dada Mwaju."

"Kumbe unatazama!" akasema Bi Tatu, na hapo nyumba ikapasuka kwa kicheko, hata Rehema akacheka huku akijifuta kwa kanga. Mama akatoka stoo. Shehe akaangalia runinga akauliza, "Huyu naye ana nini?" na ubishi ukaanza, Bi Tatu akisema ni jini la kurithi, shehe akisema asomewe, mwingine akisema ni mume tu anayemchosha.

Ndipo akasema Anitha, jirani yetu kutoka Ulyankulu, mmoja wa wale wawili waliokuwa wamemshika Rehema.

"Mdogo wangu Yustina anaumwa hivyo. Tunampeleka kliniki. Akigeuka anakuwa mtoto, anajificha nyuma ya mlango, yeye ndiye anayewaogopa watu. Kisu hajawahi kumshikia mtu. Hawa wa kwenye runinga sijui kwa nini lazima wampe kisu."

Rehema akamuuliza, "Miaka yote hii, Anitha, mbona hukutuambia?"

"Mmeona tulivyomshika mtu anayekata vitunguu?"

Rehema akamshika mkono akamwambia, Jumapili ijayo mlete tutazame naye. Mimi nilipelekwa kwenye shughuli kujieleza mbele ya wote, kisha nikakabidhiwa masufuria yote ya pilau niyasugue, na kijiwe kizima kilikuja kushuhudia.

Yustina alikuja kweli. Alikaa kati ya mama na Rehema, kikombe cha chai mkononi, akitazama, mpaka yule mshonaji alipogeuka na kuanza kutoa macho. Yustina akatikisa kichwa. "Huyu dada kabla hajageuka anaangalia kwanza kamera iko wapi," akasema, na mama akacheka mpaka akamwaga chai.

Siku hizi natazama mlango ukiwa wazi, na anayetaka kunipa jina anipe. Ila kumtangaza mtu barazani kwamba amegeuka, awe wa kwenye runinga au wa nyumbani kwangu, nimekoma.