Siku Shemeji Alipokuja Kuona Kiwanda

Mume wa dada yangu alisukuma mapipa katika kiwanda cha wiski hapa Fort Worth kwa miaka kumi na mmoja. Pipa moja lilimsaga vidole viwili vya mkono wa kushoto, akarudi kazini kidonda hakijapona. Nilipofika kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, ni yeye aliyenipokea uwanja wa ndege. Nililala sebuleni kwake mwaka mzima, akanifundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya kanisa.

Kiwanda kilipofungwa, walionunua jengo walibakiza kuta za matofali mekundu, ndani wakagawa nyumba za kupanga. Shemeji akaenda kufanya kazi kwenye ghala, mimi nikapata kazi ya usafi kwenye jengo lile lile la kiwanda. Harufu ya wiski ilikuwa bado imo kwenye mbao, na wapangaji waliipenda kweli. Nilipomsimulia shemeji, alicheka.

"Harufu hiyo hiyo dada yako alinizuia nayo mlangoni! Alidhani nimelewa."

Alhamisi moja mchana alikuja bila kuniambia. Alivaa koti lake la misa. Nilimkuta kwenye kochi la mapokezi, ameinua uso anatazama boriti za dari, nikafurahi, nikaanza kumwendea. Lakini mama mmoja mpangaji, mwenye mbwa, alishatangulia kumnong'oneza meneja.

Meneja akamwuliza shemeji anamtafuta nani. Shemeji akasimama, akaeleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba alifanya kazi humu, na mapipa yalipangwa hapa hapa. Akainua ule mkono wa kushoto kuonyesha yalifika wapi. Yule mama akavuta mbwa wake nyuma.

Meneja akanigeukia. "Ni mtu wako huyu?"

Wiki ile mwenzangu alikuwa amefukuzwa kwa kuleta mgeni. Sina sababu nyingine ya kutoa.

"Simjui," nikasema.

Shemeji alinitazama kama mtu anayedhani hakusikia vizuri. Kisha akamwambia meneja, "Kweli, hanijui. Samahani." Akatoka. Kupitia kioo nilimwona akipapasa mifuko, funguo zikamwanguka, akainama kuziokota.

Jioni, kabla sijatoka, meneja alinipa karatasi yenye picha ya shemeji iliyopigwa na kamera ya mlangoni, imeandikwa asiruhusiwe kuingia. Nikaibandika nyuma ya meza ya mapokezi. Ilikaa upande. Nikaibandua, nikainyoosha.

Jumapili nilikwenda kwao kula, kama kawaida. Dada hakuwa na habari yoyote. Shemeji mwenyewe alinipakulia ndizi na maharage, akaniuliza, "Kazi inakwendaje, shemeji?" Nikaacha sahani mezani. Nikamfuata dada jikoni nikamweleza yote, nikitumaini atanifokea, yaishe.

Hakufoka. Alifunga bomba, akajipangusa mikono polepole.

"Ulikuja huna hata soksi," akasema. "Alivua zake akakuvisha pale pale uwanja wa ndege. Nenda umalize chakula alichokupakulia, halafu usikanyage tena hapa."

Nikarudi mezani. Shemeji alikuwa ameniongezea maharage. Nilikula yote, yeye akinisimulia habari za gari lake, na mimi nikiitikia.

Walihamia Houston kabla ya Pasaka. Niliambiwa na watu kanisani.