B ya Bandia

Ukimsifia Fundi Meno saa yake, atakukata kauli kabla hujamaliza: "Feki hiyo." Na hasemi kwa aibu. Anasema kama mzazi anayetaja jina la mwanawe. Ukikosea ukauliza swali la pili, umekwisha. Atakuvutia kiti, ataivua mkononi na kukueleza jinsi ilivyotoka kwa mchuuzi ikiwa maiti, ikavuliwa uso, ikabadilishiwa mishale, ikatiwa mashine ya saa nyingine iliyopasuka kioo. Utaondoka hapo chai imepoa na shughuli zako zimelala.

Jina hilo la Fundi Meno mwanamke huyu alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Anatengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki moja, chumba chenye dirisha dogo, meza iliyoganda plasta, na rafu iliyojaa mataya ya plasta yanayocheka bila wenyewe. Daktari hupima kinywa, yeye huchonga, na mgonjwa anayekwenda kutafuna mahindi ya kuchoma hata hajui kuna mtu kama yeye duniani. Hilo halimsumbui. Husema bandia nzuri ni ile isiyolalamikiwa.

Saa zilianza kama mchezo. Siku moja saa yake ya mkononi, kopi ya wazi kabisa iliyonunuliwa barabarani, ilichubuka kioo, naye akaijaribu kwa ule unga wa kung'arishia meno. Kioo kikatakata. Akaifungua nyuma kwa udadisi, akaona vigurudumu vinavyozunguka kwa bidii ndani ya kitu ambacho dunia nzima imekidharau, na tangu siku hiyo hakupona. Kila mtu ana wazimu wake. Wengine hujaza kabati vikombe wasivyovinywea. Yeye alijaza droo saa feki. Alijifunza kusogeza kile kijiti cha ndani kinachopunguza au kuongeza mwendo, alijifunza kuuzeesha uso mpya kwa kuuloweka kwenye chai nzito, na jino likikataa kukaa kwenye taya kazini, alikuwa anatulia kwa kufikiria mshale unaomsubiri nyumbani.

Lakini alikuwa na sharti lake. Kila kopi aliyoimaliza aliigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma, na kwa sindano ileile ya kuchongea meno akaandika herufi moja kwa ndani: B. B ya bandia. Wenye kumjua walimcheka. Nani atafungua saa kutafuta herufi? "Bandia si uongo," aliwajibu. "Uongo ni kunyamaza." Maneno mazuri hayo. Laiti angejikumbusha mwenyewe siku alipoyahitaji.

Katika familia yao kulikuwa na saa moja tu ya kweli, nayo ilikuwa ya marehemu baba. Baba alikuwa msimamizi wa karakana, na alipoagwa kazini alipewa saa ya kutia ufunguo, halisi, yenye uso mweupe uliokuja kuwa rangi ya maziwa ya moto. Alikuwa ameitegesha kwa saa za mdomoni. Watu wengine, ikifika saa moja asubuhi, saa zao zinaonyesha saba nao hugeuza kichwani bila hata kufikiri. Baba hakutaka kugeuza chochote. "Nikisema saa moja, saa yangu isinibishie," alisema, na mshale wake ulikaa kwenye moja. Wageni walioichungulia walidhani mzee amechanganyikiwa. Alipofariki, mama aliitundika msumarini karibu na kioo chake cha kujitazamia. Kila asubuhi aliitia ufunguo, akaiweka sikioni, akasikiliza, ndipo akaenda kunawa uso.

Sasa kaka yake Fundi Meno, kaka mkubwa, ndiye aliyemsomesha baada ya baba kustaafu. Tuseme haki yake: alimsomesha kweli, na hakumsimanga. Alikuwa mtu wa ofisini, mtanashati, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Siku moja alikuja nyumbani kwa dada yake, akakaa kitandani kati ya vipande vya saa, akawa mnyonge.

"Mdogo wangu, nina ombi. Naitamani saa ya baba, lakini nikimwomba mama nitamvunja moyo. Nitengenezee kopi yake. Niwe naivaa tu, nimkumbuke mzee."

"Kaka, si useme siku zote!"

"Ila usimwambie mama. Atajisikia vibaya, ataona kama ameninyima."

Fundi Meno alitokwa na machozi. Alikwenda kwa mama akasema saa inahitaji kusafishwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaondoka nayo. Akaiweka saa ya baba mezani upande wa kulia, na upande wa kushoto akaijenga pacha yake. Hakuwahi kufanya kazi kwa mapenzi namna ile. Uso aliuloweka kwenye chai, akautoa, akaurudisha, mpaka rangi ikakubali. Karibu na namba nne saa ya baba ilikuwa na mkwaruzo wa koleo la karakana. Akauchora mkwaruzo uleule. Akategesha mishale kwa saa za mdomoni. Kisha akafungua nyuma akaandika B yake, kwa sababu hata kwa kaka sharti ni sharti. Kaka alipofika kuichukua kopi yake alisema, "Nipe zote mbili, kesho napita kwa mama, nitamrudishia yake." Alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana.

Miezi ikapita. Kaka akapandishwa cheo, wakapiga picha, mama akashangilia kwa vigelegele. Mpaka siku Fundi Meno alipokwenda kumjulia mama hali, na mama akaitoa saa msumarini.

"Hebu itazame saa ya baba yako. Siku hizi ina haraka. Sijui inawahi wapi."

Aliichukua akicheka, akaenda nayo kazini. Wakati wa mapumziko akaifungua pale juu ya meza ya plasta, ili asogeze kijiti kidogo na mambo yaishe. Na pale ndani, safi kama alivyoiandika, ilikuwepo B.

Mwanzoni akili ilikataa. Alidhani labda kaka alichanganya tu, saa mbili zinafanana, na nani alizifananisha kama si yeye? Alishikilia wazo hilo njia nzima mpaka ofisini kwa kaka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Karibu, karibu. Umeuona mlango?" Mlangoni kweli kulikuwa na cheo kipya, kwa herufi za kung'aa.

Aliiweka saa mezani, mgongo wazi. "Hii imetoka kwa mama. Nadhani ulizichanganya."

Kaka aliitazama. Akaenda kufunga mlango, akarudi anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa anadokoa nyama jikoni. "Sasa wewe kwa nini unafunguafungua vitu?"

"Ya baba iko wapi?"

"Iko pazuri. Mkubwa wangu anapenda sana saa za zamani. Unadhani huu mlango ulijiandika wenyewe?"

"Umempa mtu saa ya baba?"

"Punguza sauti. Mama ana saa. Anaitia ufunguo, inalia, anafurahi. Nani ameumia hapo? Wewe mwenyewe si ndiye unayesema bandia nzuri ni ile isiyolalamikiwa?"

Hapo ndipo Fundi Meno alipojua amezungukwa tangu siku ya kwanza. Kwamba ule unyonge wa kitandani, zile kumbukumbu za mzee, vyote vilikuwa mafuta ya kumpaka kwa mgongo wa chupa. Kumbe kaka hakutaka kopi ya kuvaa. Alitaka mkono wa dada yake umwibie mama.

"Kaiombe, uirudishe. Mpaka Jumapili. La sivyo namwambia mama kila kitu."

Kaka alitazama dirishani, akavuta pumzi, akalainika. "Sawa. Umenena kweli, nimekosa. Nipe mpaka Jumapili, tukutane kwa mama, mimi mwenyewe nitamweleza."

Naye akamwamini. Hilo ndilo linalomuuma kuliko saa yenyewe: kwamba aliamini, akaenda zake, akajiona hata amekuwa mkali mno kwa mtu aliyemsomesha.

Jumapili alifika kwa mama akakuta viatu vya mjomba mlangoni. Mjomba ni mdogo wake mama, hodari wa kusuluhisha hata ugomvi ambao haujaanza. Akiitwa, ujue kuna kesi. Ndani mama alikuwa amekaa akitazama mikono yake. Kaka alisimama, akampisha dada yake kiti, kwa adabu.

"Mama alikupa saa ya baba uitazame," alisema. "Unayo?"

"Ninayo."

"Ifungue, wote tuone."

Moyo wake ukafunguka. Alidhani ndugu yake ameamua kutubu, anataka ushahidi uwekwe mezani kabla ya kukiri. Akatoa kibano na kisu chake kidogo kwenye mkoba, akakibandua kifuniko karibu kwa furaha, akamsogezea mama. Mama akavaa miwani.

"Hiyo herufi huiweka nani?" kaka aliuliza.

"Mimi. Kwenye kila kopi. Na hii nilikutengenezea wewe, uliniomba—"

"Mama, uliwahi kusikia habari za kopi?"

Mama alitikisa kichwa. "Kopi gani, mwanangu? Uliniambia unakwenda kuisafisha. Mbona hukuniambia?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nisikuambie."

Alilisikia jibu lake lilivyotoka. Hata masikioni mwake mwenyewe lilikuwa jibu la mwizi.

Mjomba akakohoa. "Binti, saa ilitoka hapa ikiwa ya kweli, ikaenda kwako. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, lakini nilimpa kaka zote mbili—"

"Nilirudisha nilichopewa," kaka alisema polepole, kwa huzuni. "Mimi na saa wapi na wapi? Sijui hata zinafunguliwaje. Mjomba, sikutaka yafike huku. Nilipoingiwa na wasiwasi nilimwita ofisini tuyamalize kimyakimya, akanitishia."

"Amempa mkubwa wake!" Fundi Meno alipiga kelele. "Amenunulia cheo! Amekubali mbele yangu!"

"Umeona, mjomba? Sasa anataka kunivurugia na kazi."

"Kaka yako!" mjomba alisema. "Aliyekusomesha!"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema itakuwaje mwongo akitangulia kufika. Kaka alikuwa ameshakunywa chai katika sebule ile tangu asubuhi, ameshaketi karibu na mama, ameshalipanga neno moja juu ya jingine, na kilichobaki kilikuwa kumngoja dada yake aje aweke tofali la mwisho kwa mkono wake. Herufi ambayo aliiandika asije akamdanganya mtu ndiyo iliyomfunga. Kama asingeiweka, nani angejua? Alimtazama kaka yake akitafuta walau aibu ndogo pembeni mwa macho, hakuipata.

Mama alinyoosha mkono akamshika vidole. "Ulikuwa na shida gani, mwanangu? Ungeniambia tu. Ningekupa mwenyewe, hata bila kuuliza."

"Mama, sikuiba."

"Basi. Yamepita. Nimekusamehe."

"Mama, nisikilize. Sikuiba."

"Nimesema nimekusamehe." Mama alivua miwani. "Baba yenu ameshakwenda. Sitaki na nyinyi mnipotee kwa ajili ya kipande cha chuma."

Fundi Meno aliutazama uso ule, uliochoka, uliojaa huruma ya kweli isiyo na mahali pa kutua. Akiendelea kukana, mama atalala leo na watoto wawili wanaoitana waongo, na hatajua amshike yupi. Akinyamaza, atalala na mmoja mwema na mmoja aliyetubu, na usingizi utampata.

Kaka akaja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani. "Mwambie mama asante," alisema kwa upole, "yaishe."

Wote watatu walimngoja.

"Asante, mama," alisema, na kaka yake akamminya bega.